Maziwa Yaliyotokea Puani

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi kali, na upepo haujatulia tangu alfajiri.

Kosa wanalofanya wengi wakiokota kitoto cha paka ni kumpakata kama mtoto wa mtu. Wanamlaza chali mapajani, halafu wanammiminia maziwa mdomoni. Paka hanyonyi hivyo. Hunyonya akiwa kifudifudi, kichwa amekiinua kidogo. Ukimlaza chali, maziwa huingia njia ya hewa.

Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilichora mapafu ubaoni. Na jana asubuhi nilimlaza chali.

Mama yao alikufa Jumamosi. Alikula panya aliyekula sumu, nikamkuta amekakamaa kando ya karai. Watoto walikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, watatu, macho hayajafunguka. Bwana mifugo alinielekeza kwa simu: kwanza wapate joto, maana tumbo la paka aliyepoa haliyeyushi chakula. Kisha maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Wakishiba, wapanguswe chini kwa kitambaa chenye unyevu, kama mama yao alivyokuwa akiwalamba, la sivyo hawakojoi. Niliandika yote. Namna ya kuwashika hakuniambia, nami sikuuliza. Nani asiyejua kumlisha mtoto?

Yule mweusi alikuwa mdogo kuliko wenzake, na alikataa bomba. Mkono wangu ukafanya kitu bila kuniuliza. Nikamlaza mapajani, nikakunja kiganja chini ya kidevu chake, nikamimina. Maziwa yakatokea puani, mapovu mawili madogo.

Nikayafuta haraka kwa ncha ya kanga.

Hapo nikaganda. Niliwahi kufuta hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa, nyumbani Mpui. Mama alikwenda kuvuna ulezi, nikabaki na mdogo wangu Deo, wa miezi minne. Nilimnywesha uji kwa kiganja, kama nilivyoona wanawake wote wakifanya: mtoto chali, kiganja kimekingwa mdomoni kama bakuli, uji umejaa, na akilia hana budi kumeza. Deo alilia. Uji ukatokea puani. Nikaufuta, nikamfunika, nikadhani amelala.

Mama aliporudi alimkuta wa baridi.

Hakuna aliyeuliza mtoto alikula nini. Waliuliza nani alikuja nyumbani. Nikasema kweli tupu: asubuhi alipita bibi jirani kuomba moto, na paka wake alimfuata hadi mlangoni. Ilitosha. Walisema paka ndiye aliyetumwa. Sitaandika walichoifanyia nyumba yake. Alishuka kuelekea Kasanga, ziwani, na furushi moja, na sikumwona tena.

Sikujua kwamba uji unaweza kuua. Lakini nilijua niliufuta, na nilijua sikusema. Miaka baadaye, chuo cha ualimu, mkufunzi alipotuchorea njia ya hewa na njia ya chakula, nilitoka nje, nikarudi kipindi kilipokwisha.

Bado sikusema.

Mweusi amekufa leo kabla ya saa sita mchana, kifua kikikoroma. Wawili waliobaki walikuwa wanalia kwa njaa ndani ya sweta langu, na mikono yangu ikakataa kabisa kushika bomba. Ndivyo Leokadia, jirani yangu muuza nyanya, alivyonikuta, binti yake wa miezi saba mgongoni.

"Shikamoo Mwalimu. Ee, paka kifuani tena! Mji huu unaujua au huujui?"

"Marahaba. Naujua kuliko wewe."

"Basi utasikia, watasema hao ndio wajukuu zako."

Akacheka peke yake. Kisha akaona kitambaa mezani nilichomfungia mweusi, akaacha. Nikamwomba akae, nikamsimulia. Mama yangu hakuwahi kuambiwa, wala padre. Nimemwambia muuza nyanya.

Alisogeza kiti karibu.

"Kwa hiyo yule bibi..."

"Alikuja kuomba moto tu."

"Na mama yako alikufa hajui?"

"Hajui."

Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akamshika kwa mikono miwili. "Mwalimu, huyu namwachaga na dada yake nikienda gengeni. Anamnywesha kwa mkono. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Nikamtoa paka mmoja ndani ya sweta.

Tulimlisha pamoja yule wa kijivu. Yeye alitandika taulo juu ya meza, mimi nikamweka kifudifudi na kumsogezea bomba pembeni mwa mdomo. Tone. Nikasubiri. Tone jingine. Akaanza kunyonya kwa nguvu, na masikio yake yakawa yanacheza kila alipomeza. Mwenzake akafuata. Pua zao zilibaki kavu. Nilizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Leokadia aliondoka bila kuaga, akitembea haraka.

Sijui kama hawa wawili watafika Jumapili. Wadogo kiasi hiki hufa hata ukifanya kila kitu sawasawa, na sitaki kujifanya kwamba wakipona nitakuwa nimelipa kitu. Jina la yule bibi nalikumbuka lote, na la baba yake. Kama alizaa watoto, wajukuu zake wako huko ziwani, na huenda bado wanaambiwa wanatoka kwa mchawi. Je, mtu wa umri wangu huanzia wapi kuwatafuta?

Ninachoweza kukuambia ni hiki: kama kuna mtu unayemwachia mtoto mchanga, leo, kabla hujatoka, mpakate mtoto akiwa wima mbele ya mtu huyo, umwoneshe jinsi ya kumlisha kwa kijiko.