Nyumba ya Uingereza Niliyoichora Carrollton

Carrollton, Texas
9 Novemba

Mpendwa kaka Elibariki,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, wifi na wanangu wote. Natumaini kifua cha wifi kimetulia sasa, na kwamba migomba ya bondeni haikuangushwa na ule upepo ulionisimulia. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu huwa nakujibu upesi kisha najuta.

Uliponipigia wiki iliyopita kuhusu nyumba ya baba hapo Usangi, ukanieleza kuwa ukuta wa nyuma umeinama, paa linavuja, na fundi ameshauri ibomolewe yote mwezi wa kwanza, nilikujibu, "Sawa kaka, bomoa." Nilikuwa ndani ya gari nje ya ofisi. Nilikaa pale karibu saa nzima, nikachelewa mkutano. Ngoja nikueleze sababu.

Unajua kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Mwaka jana alikuja ofisini kwetu bibi mmoja wa miaka themanini na mmoja, Mama Harriet, mjane mwenye uwezo. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha Uingereza, kwenye nyumba kubwa ya mabwana wa zamani, ambako mama yake alikuwa mpishi. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, wakahamia huku. Akataka tumjengee nyumba ileile kaskazini ya Dallas, mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe. Alituletea vipimo vyote na picha mia tatu, alivyoagiza kutoka huko. Kazi nikapewa mimi.

Kaka, nilidhani nyumba ya mabwana ni kitu kimoja kilichonyooka. Kumbe iliota kidogo kidogo kwa miaka mia nne. Mwanzo ilikuwa ukumbi mmoja tu wa mawe, moto katikati ya sakafu, moshi ukitafuta njia juu, ndiyo maana kenchi zake za mti mgumu wa mwaloni ni nyeusi hadi leo. Baadaye mtu akajenga dohani ya kutolea moshi. Mjukuu wake akaweka dari na vyumba vya juu. Mwingine akaona aibu kwa upogo wote huo, akasimamisha mbele ukuta wa matofali mekundu, madirisha matano kwa matano, ili wageni wadhani nyumba imenyooka. Ukipita nyuma unaona ukweli: dirisha lililozibwa, mlango usiokwenda popote. Nikamkumbuka baba, alivyokuwa akiongeza chumba kila mama alipojifungua, na kile chako ambacho sakafu yake iko chini kuliko ya sebuleni, tukawa tunajikwaa sote.

Tatizo lilikuja kwenye ngazi. Katika picha, kila kipandio kimelika katikati kwa nyayo za watu. Mama Harriet akataka vyake viwe hivyohivyo. Nilichora uchakavu wa miaka mia nne kwa mchana mmoja, nikampelekea seremala wetu, Placide, Mkongo anayeishi Garland. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akaniambia, "Dada, iyi kazi ni ya miguu ya batu, haiko ya mashini." Lakini aliifanya, na aliifanya vizuri mno. Alinisimulia kwamba nyumba ya kwao kule Kivu haina hata jiwe lililobaki, na kwamba angepewa vipimo vyake angeijenga bila malipo.

Mwezi uliopita Mama Harriet alikuja kuitazama. Alipanda ngazi taratibu, akashuka, akaingia jikoni. Alisimama mbele ya jiko, akaita jina la mama yake, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia chumvi iko wapi. Kisha akaketi. Nilimwuliza kwa nini hakurudi kuiona ile yenyewe, maana bado imesimama. Akasema kila mwaka alipanga, na kila mwaka aliogopa kumkuta mtu mwingine jikoni. Halafu akaniuliza kama mama yangu yuko hai.

Nikamjibu, "Ndiyo, yupo nyumbani."

Kaka, mama amelala kaburini mwaka wa tatu huu, na wewe ndiye uliyemzika. Nami nikasema yupo, wala ulimi haukusita.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuambia sikuja kwenye mazishi kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Si kweli. Makaratasi yalikuwa tayari. Nilikuwa na tiketi, nilifika uwanja wa ndege hapa Dallas, nikakabidhi hata begi. Walipotuita kupanda ndege sikuinuka. Niliona kwamba nisipofika, mama ataendelea kuwepo ndani ya nyumba ile, anapepeta mchele mlangoni, na hakuna wa kunionyesha kiti chake kitupu. Uliulizwa maswali na ukoo mzima kuhusu dada yako, ukanitetea kwa uongo niliokupa mimi. Nisamehe. Ulibebeshwa aibu isiyokuwa yako.

Sikuandikii ili nikuzuie. Wanao wanalala chini ya paa linalovuja, na mimi sina haki ya kuwalaza kwenye kumbukumbu zangu. Bomoa, ila naomba unisubiri. Nitafika Desemba kumi na nne, tiketi nimeshakata. Nimeichora nyumba ya watu baki ambayo yenyewe sijawahi kuikanyaga, na ya kwetu sijaipima hata ukuta mmoja. Nitakuja na futi yangu, nipime kila chumba pamoja nawe, kisha unipeleke kaburini. Baada ya hapo nitashika nyundo mwenyewe.

Ukisoma haya ukakasirika, kasirika, lakini njoo unipokee stendi ya Mwanga. Nisalimie mchungaji na majirani wote wa kule juu, na uwaambie wanangu shangazi yao anakuja kweli safari hii.

Mimi mdogo wako anayekuonea aibu na kukupenda,

Nakijwa