Saa ya Mwalimu Mghanga

Voi, Jumapili jioni. Upepo, vumbi, na moyo mzito.

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki walioko Voi, Mwatate, Bura na popote pale walipo: leo, baada ya ibada, saa ya ukutani ya marehemu Mwalimu Mghanga wa Chawia imerudishwa nyuma. Shughuli hiyo imetekelezwa na mkwe wake, fundi wa redio na saa, akiwa juu ya kiti kisichoaminika. Hakuna aliyeumia.

Ndivyo ningetangaza, kama redioni wangenikubalia.

Mwalimu ni baba mkwe wangu. Naandika "ni" kwa sababu lile neno lingine bado halijanikaa mdomoni.

Alifundisha shule za msingi za huko milimani hadi akastaafu akiwa mwalimu mkuu. Alipohamishiwa Ronge alipewa nyumba ya walimu. Akaigeuza stoo ya madawati yaliyovunjika, na kila jioni akapanda na kushuka vilima kurudi kwake Chawia, mvua inyeshe isinyeshe, ili watoto wasilale kabla hajawaona. Mama, yaani mkewe, alipolazwa hospitali kwa muda mrefu, ni yeye aliyemchana nywele Wakesho, mke wangu, akiwa mdogo. Njia ya katikati aliipasua kwa rula. Wakesho husema hakuna msichana aliyewahi kwenda shule na kichwa kilichonyooka namna ile.

Mimi shule niliiacha mapema. Siku ya kwanza kwenda kwake nilimpelekea redio yake niliyoitengeneza. Aliikagua kama anayesahihisha mtihani.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa nafungua tu, naangalia."

"Basi usiache kuangalia," akasema. "Sisi wengine tulifundishwa, tukaacha."

Sasa hiyo saa. Ilikuwa inawahi, na Chawia nzima inajua. Inasemekana aliiwahisha makusudi ili watoto wake wasichelewe shule, na kila Jumapili baada ya kanisa alionekana amepanda kiti, anaihudumia. Siku ya mazishi wasemaji karibu wote waliitaja. Mmoja, mwanafunzi wake wa zamani ambaye siku hizi ni mkubwa serikalini, alipoifikia akalia. Yeye mwenyewe alikuwa amefika amechelewa.

Tangu tumzike, Mama amekuwa akituponyoka.

Jirani ndiye aliyeanza kuona moshi jikoni kwake kabla jogoo hawajaamka. Kisha kimanga cha mchana, muhogo na maharagwe, akawa anakiponda watu wakiwa bado kwenye chai ya asubuhi. Jumapili iliyopita alikutwa ameketi kwenye ngazi za kanisa, peke yake ndani ya ukungu, mlango umefungwa, Biblia mapajani.

Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, shemeji yangu Mwadime akaandika kutoka Nairobi: Mama amechanganyikiwa. Nakuja kumchukua.

Hakuna aliyebisha. Hata mimi niliweka kidole gumba.

Leo tukapanda Chawia kumuaga. Gari la Mwadime lilikuwa uani, begi la Mama mlangoni, ng'ombe ameshaahidiwa jirani. Mama alikaa ndani ya koti la Mwalimu. Tangu aolewe hajaishi nyumba nyingine, na sasa alikuwa anapelekwa ghorofani, mahali ambapo hata kuku hana pa kuparua.

Mkwe haongei sana kwenye mambo kama hayo. Hukaa anapoonyeshwa. Nilionyeshwa kiti kinachotazamana na saa, kwa hiyo nikaitazama. Nikatazama simu yangu. Nikaitazama saa tena.

Haikuwa inawahi tu. Ilikuwa imetuacha mbali. Kwa hesabu ya saa hiyo, chakula cha mchana kilikuwa kimeshaliwa na vyombo vimeoshwa.

Hapo nikaelewa: saa ile inakimbia yenyewe. Mwalimu hakuwa akiipeleka mbele. Kila Jumapili alikuwa akiirudisha nyuma, ila hakumaliza kuirudisha. Kipande kidogo aliwaachia watoto. Tangu afe hakuna aliyeirudisha, na msimu huu wa ukungu hata jua halionekani mtu aliulize.

"Mama," nikasema, "hii saa inakimbia."

"Najua, baba."

Mwadime akageuka. "Unajua? Na bado unaifuata?"

"Sasa wewe ulitaka nimfuate nani?" Mama akamjibu, bila hasira. "Mkono wa mwisho kuigusa ni wa baba yako. Nairobi nipelekeni, nitaenda. Lakini hiyo msiiguse."

Kwa wiki zote hizo alikuwa hajapotea. Alikuwa anamfuata mume wake.

Sijui nilipata wapi mdomo. Nikamwambia, "Mama, leo ni Jumapili. Angekuwepo angepanda kiti."

Aliniangalia miguuni.

"Basi vua viatu," akasema. "Yeye alikuwa anavua."

Nikavua. Mwadime akanishikia kiti. Wakesho akatoka nje. Nikaurudisha mshale polepole, kama mtu anayerudi kwa njia ile ile aliyokwenda nayo makaburini. Mama akawa ananiongoza kutoka chini: "Bado. Bado kidogo. Hapo. Usiimalize, iache iwahi."

Mshale ukafika mahali pake, na Mwalimu bado hayupo.

Begi likarudi chumbani bila mtu kuamuru. Mwadime akaondoka na ndizi kwenye buti badala ya mama yake, na kabla ya kuwasha gari aliniuliza kama naweza kuwa napanda huko kila Jumapili, maana bila hivyo saa itakimbia tena, na Mama ataifuata tena. Nikamwambia naweza.

"Na uje mapema," Mama akasema kutoka mlangoni.

Tumerudi Voi. Wakesho amekaa mbele ya kioo na hajachana nywele. Mimi nimefungua duka kidogo, si kwa ajili ya mteja yeyote.

Mashine mpya za saa kama ile, zisizokimbia, ninazo hapa kwenye droo. Kuifungia saa ile moja si kazi. Nimeifunga droo.