Mabuti ya Lambert

Joubert Park, Johannesburg

Kaka Lambert,

Huku tuko wazima. Baridi imeingia, na wateja wa kusuka wamepungua.

Mama amenifikishia maneno yako: nikiolewa na Exaucé nisikuite kaka tena, kwa kuwa ndugu yake anapigana upande ule mwingine wa vita huko nyumbani. Halafu siku hiyohiyo unaniomba mabuti ya kuendea vitani. Nimechoka. Mkihitaji kitu mimi ni dada, nikipenda mtu mimi ni adui.

Haya, mabuti ndiyo hayo. Sijui kuchagua ya wanaume, kwa hiyo Exaucé alinisindikiza Fordsburg akayajaribu yeye, maana miguu yenu inalingana. Nilimwambia ni ya nani. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, akasema mabuti mapya huchubua, mtu hawezi kukimbia nayo. Akayavaa wiki nzima kazini Midrand, anakolinda geti.

Basi ukiyakuta yamelainika, usimlaumu muuzaji. Na siku yatakapokukimbiza mbele ya bunduki ya ndugu yake Exaucé ukafika salama, nitumie jibu: nimwambie Exaucé kwamba shemeji yake anamshukuru, au bado?

Dada yako, hata ukikataa,
Murielle