Ajuza Asiwashwe Leo

Baba (na Mama, msimamie),

Tafadhali usimwashe Ajuza kabla sijarudi. Breki ya kushoto haipo. Nimeifungua ulipotoka ukibamiza mlango, na sahani zake, vile vyuma bapa vinavyobana, nazipeleka kwa fundi chuma. Kifuniko nimekirudisha, kwa hiyo kwa macho utaliona trekta ni zima. Si zima.

Ulisema nimekaza nati kupita kiasi, ndiyo maana gurudumu linashikwa. Ukailegeza, gurudumu likazunguka, ukacheka mbele ya jirani: "Shahada ya kilimo haikanyagi breki, binti yangu!" Iliniuma, Baba. Umeondoa breki tu, ugonjwa umebaki. Katikati ya zile sahani kuna gololi. Ukikanyaga, zinapanda kwenye vijia vyake na kuzitanua sahani zibane, ukiachia, zinarudi. Sasa vijia vimeliwa na kutu, gololi zikipanda hazishuki. Hata ulegeze nati mpaka ianguke.

Mama, chai iko kwenye chupa. Mzee asitoke bila kula, akiwa na njaa hasikii la mtu.

~~Ufunguo nimeondoka nao.~~ Hapana. Nimeurudisha kwenye msumari wake. Trekta uliachiwa na baba yako, na wewe si wa kufichiwa vitu. Nakuomba tu. Ukikanyaga breki ya upande mmoja kwenye ule mteremko wa shambani, Ajuza atageuka akulalie. Chuma kinachongwa, Baba. Wewe nitakuchongesha kwa nani?

Kitinda mimba wako, bado nimenuna