Mifuko ya Baba

Oldham, Jumatatu

Dada yangu Doreen,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima huko Plymouth pamoja na shemeji, na lile goti lako limetulia. Sisi ni mvua tu, lakini tunajikongoja.

Nakuandikia kuhusu mifuko ya Baba. Ile ya plastiki ya maduka ya santuri, aliyoinyoosha chini ya godoro na kuitunza sandukuni kuliko alivyotutunza sisi. Tulimcheka sana, lakini siku hizi watu wanaitafuta kwa udi na uvumba, maana maduka yenyewe yamekufa na mifuko karibu yote iliishia jaani. Basi dada, ilianza kupotea sandukuni kwa Mama.

Nikamshuku Clifford, yule rafiki wa Baba wa kwenye magulio ya santuri. Kila Jumamosi yuko kwa Mama, kajaa kwenye kiti cha Baba, anakunywa chai na kumaliza biskuti. Nilimuuliza Mama huyu anafuata nini. Akacheka, akasema mimi tangu utotoni nina jicho la polisi. Nikamuuliza Clifford mwenyewe mifuko iko wapi. Akageuza maneno, eti waridi za Mama zimestawi. Waridi! Mwezi wa Novemba! Nikasema moyoni, mwizi ndiye huyu.

Jumamosi iliyopita nikaaga kwamba naenda sokoni, kisha nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nikamkuta amechutama mbele ya sanduku, mkono ndani. Nilimpasha, dada! Nilimwita tapeli, mla vya marehemu. Akanionyesha mfuko aliokuwa akiurudisha: ule wa bluu, wa duka ambako Baba alikutana na Mama. Ulikuwa na unyevu bado, unanukia sabuni.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama huitoa sandukuni na kuisokomeza kwenye ule mfuko wa mifuko nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na ya sokoni, kisha huitilia maganda ya viazi. Yeye huiokota pipani, huenda kuiosha kwake. Mama, Doreen! Aliyetuchapa kwa kutia viatu vya matope kwenye mmoja tu wa mifuko hiyo!

Kabla sijauliza zaidi, Mama akaingia. Alipomwona Clifford na mfuko mkononi, uso ukamchangamka. Akamwambia, “Arnold, umechelewa, chai imepoa. Umeniletea santuri gani?”

Jina la Baba, dada! Na Baba ana miaka mitatu kaburini. Clifford akaitika, akaenda kuketi naye.

Getini Clifford alinieleza kwamba siku akili zikimtulia, Mama humsihi asituambie, tusije tukampeleka kwenye nyumba ya wazee. Nilimwomba msamaha, nikalia palepale barabarani. Miezi yote hiyo nilikuwa nahesabu mifuko, Mama simwoni.

Njoo kabla ya Krismasi, tuamue pamoja. Nisalimie shemeji na watoto. Na ukifika, Mama akikuita kwa jina lisilo lako, itika tu.

Mdogo wako akupendaye,
Glenys