Mayai Aliyoyaosha Wifi

Jumatatu, 13 Aprili
Mvua. Nimekaa barazani tena, naangalia ufukwe wa Mbweni. Sishuki. Nimo edani, mwezi wa pili tangu mume wangu Salum afariki. Miaka yote tulishuka pamoja usiku kuwangoja kasa wapande kutaga. Yeye alikuwa akiwaamkia kasa. Shikamoo, bibi. Sasa anashuka wifi yangu Zuhura, dada yake, aliyekuja kukaa nami. Anaogopa kaa.

Jumanne, 14 Aprili
Kasa amepanda. Ametaga chini mno, karibu na maji. Maji ya bamvu yanakuja, yatalifunika tundu, mayai yataoza. Lazima yahamishwe leo hii. Wenzetu wa kikundi cha kulinda kasa wamekwama, barabara imejaa maji. Nikavaa ndala. Zuhura akasimama mlangoni.
"Rudi ndani, wifi. Eda si ya kukaa nusu. Lete ndoo."
Nikampa. "Usiyageuze mayai. La juu libaki juu. Shimo kama mtungi, mdomo mwembamba."
"Mie nimelea watoto sita. Mayai ndiyo yanishinde?"

Baadaye.
Amerudi amelowa, anacheka. Ameyafukia juu, penye majani. Halafu anasema ameyaosha. Yalikuwa na ute. Ameyachovya baharini moja moja, kama anaosha mayai ya kuku ya kuchemsha. Ute ule ndio unaoyalinda. Nimemfokea vibaya. Akalia. Nami nikalia. Hatukulilia mayai peke yake.

Jumatano, 15 Aprili
Hatusemezani. Uji wa pilipili manga mlangoni kwangu. Umefunikwa kwa sahani.

Ijumaa, 17 Aprili
Bamvu limefika. Tundu la zamani liko chini ya maji. La Zuhura liko pakavu. Nimemwambia. Akasema, "Ee, basi kunywa uji."

Jumatatu, 8 Juni
Watoto wa kasa wangekuwa wameshatoka. Mchanga umetulia tu. Zuhura hali vizuri. Ameniuliza, "Nimewaua?" Sijui. Nimemjibu hivyo hivyo. Nampenda sana.

Jumanne, 9 Juni
Sauti yake kutoka ufukweni, mtaa mzima umesikia.
"Wifi! Wanatoka! Yallah, wadogo hivi!"
Nimesimama barazani, nimeshika nguzo. Naona tochi yake tu, ile tuliyoifunga kitambaa chekundu mwanga usiwapoteze, inakwenda polepole kuelekea majini. Anawasindikiza. Wengine hawakutoka. Wengi wametoka.

Jumatano, 10 Juni
Zuhura amelala mpaka adhuhuri, miguu ina mchanga. Nimemfunika shuka. Chai yake nimeiweka kwenye chupa.