Jina la Kambale

Butembo, Jumamosi, siku ya posho

Na leo njo nimelifuta. Jina la Kambale, mwalimu wa Eringeti aliyetunga programu ya kuhesabu pointi za banafunzi, ile ninayonakili kwenye CD na kugawia mashule bure.

Dada yake, Kavira, alifika asubuhi kwa pikipiki kutoka Beni. "Yaya," aliniita kwa heshima, "toa jina lake. Batu ba bunduki banamutafuta kwa jina, na banapekua mizigo ku barrière za barabarani."

Mimi, avocat asiye na kesi, nikamusomea licence: ukinakili programu, usiondoe jina la mutunzi.

"Licence yako itapita barrière mbele yake? Kambale mwenyewe njo amenituma."

Basi, mutunzi akikubali, nani atabisha? Nikafuta, nikavunja CD za zamani.

Mais hata hivyo, ni mimi niliyemusukuma aliandike. Yeye alikuwa na haya, hakutaka jina. "Weka, na kijiji pia," nilimwambia, "bajue ni kazi ya nani." Nilijiona professeur kabisa.

Kavira alinishukuru kwa mikono miwili. Nikakosa moyo wa kumwambia kwamba lori la kwenda Kirumba lilishabeba CD zingine zenye jina lake.

Kesho, hata misa nitaikosa. Nazifuata mwenyewe.